Sikio la Mnunuzi Mbele ya Jaji: Hotuba kwa Wafanyabiashara wa Busia Kuhusu Alama za Biashara

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa soko, akina mama wauzaji wa jumla, vijana wenye viwanda vidogo, mawakili wenzangu mliotoka Tororo na Mbale, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze kuhusu hukumu za mahakama juu ya alama za biashara, na nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili. Ombi la pili lilinifurahisha kuliko la kwanza. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ikakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sheria ya alama za biashara, fomu zake na hukumu zote nitakazozitaja leo zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali mashauri yenyewe huhusu maneno ambayo mnunuzi wa Uganda huyatamka kwa Kiswahili, Kiganda, Kisamia, Kiteso, au kwa mchanganyiko wa lugha hizo zote ndani ya sentensi moja. Nitalirudia jambo hilo, kwa sababu ndilo hasa lililonileta.

Nianze na neno lililozaliwa mpakani hapa. Wazee mliopo mnaikumbuka miaka ya baiskeli zilizowavusha watu na mizigo kati ya upande wetu na upande wa Kenya, waendeshaji wakiwaita wateja kwa sauti, "boda, boda". Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka likageuka kuwa jina la chombo, kisha jina la kazi, kisha jina la mtu anayeifanya kazi hiyo, na leo halina mwenyewe. Tuseme mtu anakwenda kwenye ofisi ya usajili Kampala, ile tunayoiita URSB, kuomba asajiliwe neno "boda" peke yake kwa huduma ya kubeba abiria. Hawezi kulipata, kwa kuwa neno hilo halimtofautishi yeye na mwenzake anayengoja abiria chini ya mti uleule. Lakini akiliunganisha na neno jingine, akaongeza rangi, mchoro na namna yake ya kuandika, anaweza kusajili mchanganyiko ule mzima, na sheria itamlinda katika mchanganyiko ule. "Boda" yenyewe itabaki ya watu wote. Kesi nyingi ninazozisoma, ukiyaondoa makaratasi, ni ugomvi juu ya mstari huo: ni wapi neno la mtu linaishia na neno la watu linaanzia.

Kuhusu utaratibu sitakaa sana, maana maofisa wa usajili wanaueleza vizuri kuliko mimi. Tunatumia Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya sheria iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Ombi hupelekwa kwa Msajili. Likikubaliwa hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Na Msajili husikiliza pingamizi kama baraza dogo la hukumu, asiyeridhika akakata rufaa Mahakama Kuu. Alama ikisajiliwa hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Anayesahau kuhuisha asimlaumu wakili wake. Na niseme hili mapema: bila cheti cha usajili huwezi kufungua madai ya ukiukaji wa alama. Kuna njia nyingine kwa asiyesajili, nayo nitaieleza, lakini ni ndefu na ina miiba.

Sasa twende kwenye kiini. Watu wawili wanapofika mahakamani, mmoja akisema mwenzake ameiga jina lake, jaji anapima kitu gani? Wengi hudhani anaweka karatasi mbili mezani na kuhesabu herufi zinazofanana. Sivyo. Anajaribu kuingia katika kichwa cha mtu ambaye hayupo mahakamani, yaani mnunuzi, na kujiuliza kama mtu huyo angechanganyikiwa.

Kipimo kinachonukuliwa hadi leo katika Mahakama ya Biashara kule Nakasero kilitoka Uingereza mwaka 1906. Kampuni moja ilitaka kusajili neno "Neola" kwa vinanda vinavyojipiga vyenyewe, na wenye alama ya "Pianola" wakapinga. Jaji Parker alisema kwamba maneno mawili yapimwe kwa jinsi yanavyoonekana na kwa jinsi yanavyosikika. Kwamba bidhaa yenyewe itazamwe. Kwamba aina ya mnunuzi wa bidhaa hiyo ifikiriwe. Na kwamba mazingira yote ya biashara yawekwe pamoja kabla ya kuamua. Akaona mtu anayenunua kinanda cha bei kubwa hafanyi haraka, anajua anachokitafuta, na hawezi kuchukua Neola akidhani ni Pianola. Neola ikaruhusiwa. Ninawaomba mzingatie kwamba kipimo chenyewe kimefungwa kwa mnunuzi na bidhaa. Majina mawili ambayo hayawezi kumchanganya mnunuzi wa pikipiki yanaweza kumchanganya kabisa mtoto aliyetumwa dukani jioni na sarafu mkononi kununua kiberiti.

Mwaka 1945 Mahakama ya Mabwana ya Uingereza (House of Lords), wakati huo mahakama yao ya juu kabisa, iliamua kesi ya soksi za wanawake. Wenye "Aristoc" walipinga usajili wa "Rysta", na wakashinda. Katika kesi hiyo uliungwa mkono msimamo wa jaji mmoja aliyekuwa upande wa wachache kwenye rufaa ya chini, Luxmoore, ambaye alieleza jambo ambalo kila mwenye duka analijua bila kusoma sheria. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba mtu anayeyajua majina yote mawili hachanganyikiwi; anayechanganyikiwa ni yule anayejua moja tu, tena analikumbuka nusunusu. Akaongeza kwamba jaji hana budi kufikiria pia matamshi ya ovyo, ya mnunuzi na ya yule anayemhudumia dukani. Angekuwa amesimama Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, saa sita mchana, katikati ya makelele ya wapagazi, asingelisema vizuri zaidi.

Na sisi tuna kesi yetu wenyewe, ya mwaka 1961, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Uganda. Kampuni ya Parke Davis ilikuwa na alama "Capsolin" kwa dawa ya kupaka. Kampuni ya Opa Pharmacy ikauza dawa ya namna hiyo kwa jina la "Capsopa". Mahakama iliona kwamba alama ya Parke Davis imekiukwa. Herufi tano za kwanza zilikuwa zilezile, na hoja iliyobeba uzito ilikuwa ile iliyozoeleka katika mahakama za Uingereza, kwamba mwanzo wa neno ndio unaoshika katika sikio, kwa kuwa wasemaji huwa na tabia ya kuumeza mwisho wake.

Mimi sina ugomvi na matokeo ya kesi hiyo. Nina swali kuhusu njia iliyofuatwa, na ningependa mawakili vijana waliomo humu walichukue swali hili wakalifanyie kazi. Ni msemaji gani anayemeza mwisho wa neno? Ni Mwingereza. Sisi hatumezi mwisho. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno linaloishia kwa konsonanti tunalipa irabu ili lipumzike. Mama wa Busia hatasema "Capsolin" akaiacha hewani. Atasema "kapusolini", na mkazo utaangukia kwenye "li". Ile nyingine ataiita "kapusopa", na mkazo utaangukia kwenye "so". Kwa sikio lake, mkazo wa maneno hayo mawili unaangukia mahali tofauti, karibu na mwisho yanapotofautiana. Huenda bado angechanganyikiwa, kwa kuwa kuna kumbukumbu ya nusu, kuna rangi ya kopo, kuna ukubwa wa maandishi, kuna kwamba dawa zote mbili ni za kuchua. Lakini sababu ya kuchanganyikiwa kwake isingekuwa kumeza mwisho wa neno, na jaji anayesema hivyo anamsikiliza mnunuzi wa London akidhani anamsikiliza wa Uganda.

Geuza sasa upande wa pili. Katika Kiganda, "r" na "l" ni sauti moja inayobadilika kulingana na irabu iliyotangulia: baada ya "e" na "i" huandikwa "r", kwingineko "l". Mtu aliyekulia katika lugha hiyo anaweza kutamka neno geni kwa "l" asubuhi na kwa "r" jioni, na hakuna atakayemshangaa. Tuseme kuna sabuni mbili sokoni, moja imeandikwa "Rila" na nyingine "Lila". Nayatunga majina haya kwa mfano tu. Wakili wa mdaiwa anaweza kusimama na kusema kwamba silabi ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, na kwamba hapa herufi ya kwanza kabisa ni tofauti, kwa hiyo hakuna mfanano. Kwa kanuni ya kitabuni ana hoja. Kwa sikio la Masaka au Mukono hana hoja hata kidogo, kwa sababu hayo si majina mawili. Ni jina moja.

Kwa hiyo ninachokidai ni kwamba kanuni tulizorithi ni nzuri, na nzuri kuliko zote ni ile inayosema mpime mnunuzi wa bidhaa hiyo mahali inapouzwa. Tukiifuata kanuni hiyo kwa uaminifu, itatulazimu tuache kuazima mpaka masikio. Jaji hawezi kufanya hivyo peke yake. Mahakama zimesema mara nyingi kwamba swali la mwisho, kama alama mbili zinafanana kiasi cha kuchanganya, ni la jaji mwenyewe na shahidi hawezi kumwamulia. Ni sawa. Lakini shahidi anaweza kueleza jinsi neno linavyotamkwa sokoni, jinsi wateja wanavyoagiza, na kama wanaagiza kwa jina, kwa rangi, au kwa kunyoosha kidole. Huo ni ushahidi wa mambo yalivyo, na ni nadra kuuona kwenye majalada. Mawakili tunaleta vyeti, ankara na matangazo ya televisheni. Tunamwacha nyumbani yule mama mwenye kibanda ambaye amesikia bidhaa hiyo ikiagizwa mara elfu.

Nimesema kwamba cheti kina nguvu. Niseme pia kwamba nguvu yake haifiki kila mahali. Wengi wenu mmewahi kunywa kahawa Kampala katika mikahawa ya Café Javas, na wengine mmeinywa Nairobi katika mikahawa ya Java House. Kampuni ya Nairobi ilipotaka kusajili alama zake Uganda, kampuni ya Mandela Auto Spares, yenye Café Javas, ilipinga, na ofisi ya Msajili ikakubaliana na pingamizi hilo. Nairobi Java House ikakata rufaa. Mwaka 2016 Jaji Christopher Madrama, katika Mahakama ya Biashara, alitengua uamuzi wa Msajili na kuiruhusu rufaa. Java ni kisiwa cha Indonesia, na jina lake limehusishwa na kahawa kwa muda mrefu kiasi kwamba ni shida kwa mfanyabiashara mmoja wa kahawa kuwazuia wote wengine wasilitumie. Ukishaliondoa neno hilo la wote, unabaki na kutazama alama zilivyo kwa ukamilifu wake, na hapo tofauti zinaonekana.

Wako waliolalamika kwamba hukumu ile ilimwacha mfanyabiashara wa nyumbani. Sikubaliani nao. Atakayechagua jina linaloieleza bidhaa, au linalotaja mahali bidhaa inapojulikana kutoka, anapata faida ya kueleweka haraka bila kutumia fedha nyingi kwa matangazo, na analipa faida hiyo kwa kuwa na uzio mwembamba. Ukiita asali yako "Asali Tamu", kila mtu atajua unauza nini tangu siku ya kwanza, na kila jirani mwenye mizinga ana haki ya kusema kwamba asali yake nayo ni tamu. Jina lisilo na maana yoyote ni gumu kulifundisha, lakini likishafunzwa ni lako.

Kuna hatari ya upande wa pili pia, ya jina kufanikiwa kupita kiasi. Ingieni duka lolote la dawa katika mji huu mkasikilize: watu wanaomba "panadol", na wanapopewa kidonge cha parasetamoli cha kiwanda kingine hawalalamiki, kwa kuwa kwao hilo ndilo jina la kidonge. Mwaka 1921 mahakama ya New York ilikutana na hali kama hiyo. Kampuni ya Bayer ilikuwa inadai neno "Aspirin" ni alama yake, na Jaji Learned Hand akauliza swali moja: wanunuzi wanaelewa nini wanapolisikia neno hili? Akaona umma unalielewa kuwa jina la dawa yenyewe, wakati madaktari na wenye maduka ya dawa bado walilijua kuwa ni alama ya kampuni. Akaigawa amri yake kulingana na masikio hayo mawili: mshindani aliruhusiwa kuuza kwa jina hilo kwa umma, lakini akawekewa mipaka katika kuwauzia wenye taaluma. Ninaipenda hukumu hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba neno moja linaweza kuwa mali ya mtu katika chumba kimoja na kuwa la wote katika chumba cha pili.

Na kwa kuwa tunazungumza Kiswahili, najua nitaulizwa kuhusu "Hakuna matata". Ni kweli kwamba kampuni ya Disney iliomba usajili wa maneno hayo Marekani mwaka 1994 na kuupata mwaka 2003 kwa ajili ya nguo, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini wakidai usajili huo ufutwe. Hasira yao naielewa. Lakini usajili ule haumzuii mtu kuyatamka maneno hayo, wala hauna nguvu nje ya Marekani, wala haugusi bidhaa ambazo hazimo katika usajili. Swali zito zaidi ni kama mahakama ya huko ingeweza kuona kwamba kwa mamilioni ya watu maneno hayo ni usemi wa kawaida na hayaonyeshi kabisa nani ametengeneza shati. Mnunuzi wa Chicago hajui hivyo. Mnaona tunarudi palepale: nani anasikiliza?

Sasa nije kwa wasiosajili, ambao nadhani ni wengi humu. Kuna mama mmoja niliyewahi kumsaidia, mtengenezaji wa siagi ya karanga katika wilaya ya jirani. Aliuza kwa miaka katika makopo yenye kifuniko cha rangi moja na lebo yenye picha ya kinu. Aliyekuwa akimchapishia lebo hizo akaenda kusajili lebo ileile kwa jina lake mwenyewe, kisha akamwandikia mama barua ya kumtaka aache kutumia "mali ya mwingine". Mama alikuja kwangu na barua hiyo imekunjwa ndani ya kitambaa pamoja na fedha za mauzo, na swali lake la kwanza lilikuwa kama atafungwa.

Sheria haikumwacha mtupu. Mtu aliyedhulumiwa na usajili anaweza kuomba daftari la usajili lirekebishwe, na aliyetangulia kutumia alama kwa nia njema ana la kusema dhidi ya aliyekuja nyuma yake akaisajili. Zaidi ya hapo, sheria imeihifadhi haki ya zamani ya kumshtaki mtu anayeuza mali yake kwa sura ya mali yako, hata kama hukusajili chochote. Mahakama zetu hufuata vigezo vitatu vilivyopangwa vizuri na Mahakama ya Mabwana mwaka 1990: uwe na jina jema kwa wanunuzi lililofungamana na sura ya bidhaa yako, mwenzako awe amewaonyesha wanunuzi jambo lisilo la kweli, kwa kukusudia au bila kukusudia, na wewe uwe umeumia au uwe katika hatari ya kuumia.

Kesi hiyo ya mwaka 1990 ilihusu maji ya limau yaliyouzwa ndani ya chupa ndogo ya plastiki yenye umbo na rangi ya limau. Mshindani alitengeneza limau lake la plastiki akabandika lebo yenye jina lake waziwazi. Alijitetea kwamba anayesoma lebo hawezi kukosea. Mabwana wale walimkatalia. Bwana Oliver alisema kwamba si utetezi kudai kwamba mnunuzi asingedanganyika kama angekuwa makini zaidi au angejua kusoma zaidi. Wanunuzi ni lazima wachukuliwe jinsi walivyo. Maneno hayo yangefaa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha mahakama Afrika Mashariki. Mnunuzi wetu asiyejua kusoma, anayetambua sabuni kwa rangi ya karatasi na chumvi kwa picha iliyo kwenye pakiti, hakutupwa nje ya sheria. Anayeiga rangi na picha halafu akabadilisha herufi mbili katika jina, akidhani amejificha nyuma ya herufi hizo, anajificha mahali ambapo mnunuzi huyo haangalii kabisa.

Lakini nilisema njia hii ina miiba, na mwiba wenyewe ni ushahidi. Mwenye cheti anatoa cheti. Asiye na cheti anapaswa kuthibitisha jina jema: aliuza tangu lini, wapi, kiasi gani, kwa sura ipi. Mama wa karanga hakuwa na risiti. Tulichokuwa nacho ni daftari la shule ambamo binti yake aliandika madeni ya wateja, makopo mawili ya zamani ambayo jirani alikuwa anahifadhia misumari, na picha ya harusi ambamo kopo lake lilionekana mezani kwa bahati. Shauri likamalizwa nje ya mahakama, aliyesajili akikubali kuiacha alama, na ninaamini kilichomtisha ni yale makopo ya misumari, kwa kuwa lebo zake zilikuwa zimechapishwa na mtu mwingine kabla yake.

Wengi mtataka kujua kama mahakama inaweza kumzuia mwigaji mara moja, kabla kesi haijasikilizwa. Inaweza. Tangu kesi ya Giella ya mwaka 1973 katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mwombaji wa zuio la muda huonyesha kwamba ana kesi yenye dalili za kushinda na kwamba akiachwa bila zuio ataumia kwa namna ambayo fidia haitatosha. Jaji akibaki na shaka, hupima nani ataumia zaidi. Katika alama za biashara hoja ya pili mara nyingi ni rahisi kuieleza, kwa sababu imani ya mteja ikishaondoka haipimwi kwa shilingi. Kinachowaangusha waombaji wengi ni kuchelewa. Mtu aliyeiona bidhaa ya kuiga mwezi wa kwanza akaja mahakamani mwezi wa kumi na moja akisema anaumia vibaya, ataulizwa alikuwa anafanya nini katikati.

Jambo la mwisho ni la watu wa Busia hasa. Alama iliyosajiliwa Kampala inaishia pale geti la mpaka lilipo. Ng'ambo, mita chache tu, inaanza sheria ya Kenya na daftari jingine, na mtu aliyeisajili alama yako huko anaweza kukuzuia usiuze Nairobi hata kama wewe ndiye uliyeibuni. Uganda na Tanzania zimo katika Itifaki ya Banjul, ambayo hukuwezesha kuomba nchi kadhaa kwa ombi moja kupitia ARIPO, shirika la Afrika la mali za ubunifu lililoko Harare. Kenya haimo katika itifaki hiyo, bali imo katika mfumo wa Madrid, mfumo wa kimataifa wa kusajili alama, ambao Uganda haijajiunga nao. Kwa hiyo mfanyabiashara wa hapa anayeuza pande zote mbili anahitaji maombi mawili, hakuna njia ya mkato, na gharama ya ombi la pili ni ndogo kuliko gharama ya lori moja lililorudishwa.

Mliokuja na lebo zenu tafadhali zileteni hapa mbele ili tuzitazame pamoja, na wenye makopo ya zamani msiyatupe. Mwenyekiti, naona mikono imeshainuka kule nyuma. Kwa ruhusa yako, tuanze na yule mzee mwenye kofia.